Akiba ya Picha Huoza

Wahenga walituachia msemo kwamba akiba haiozi. Walisema kweli kuhusu mahindi yaliyokaushwa vema na fedha iliyowekwa mahali salama. Lakini imo majumbani mwetu akiba moja ambayo huoza kimya kimya, bila harufu wala kishindo, na mwenye nyumba asitambue mpaka siku anapoihitaji. Akiba hiyo ni picha za jamaa zetu waliotangulia mbele ya haki.

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unazungumza na jamaa za askari na polisi, na wote wenye kulinda kumbukumbu ya mtu waliyempenda, juu ya jinsi ya kuzitunza picha hizo. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya chakula, ada za shule na kodi ya nyumba. Mimi niliyeandika haya nililiona dogo vivyo hivyo, mpaka lilipoingia nyumbani kwetu.

Picha iliyotundikwa mkabala na dirisha

Nililelewa Ngagara, kaskazini mwa mji wa Bujumbura, katika tarafa ya Ntahangwa. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1950, mji ungali ukiitwa Usumbura, na shirika la Wabelgiji lililoitwa Office des Cités Africaines, ambalo liliundwa mwaka 1952. Kwa kifupisho cha jina la shirika hilo, wazee wengi wangali wakiuita mtaa wetu OCAF. Karitiye zake hazina majina. Zina namba tu. Humo wamekaa watumishi wa serikali, walimu, wafanyabiashara na askari pamoja na watoto wao, na katika kila sebule, ukutani juu ya viti, ilikuwapo picha ya mtu fulani katika fremu.

Kwetu sisi alikuwa baba. Baba alikuwa askari, naye alifariki kwa maradhi mwaka 1987. Usiku ule ule wa msiba, kabla hata jeneza halijanunuliwa, watu walianza kuuliza, "Picha yake iko wapi?" Maana desturi ya mjini kwetu yajulikana: picha ya marehemu hukuzwa, hutiwa katika fremu, huwekwa juu ya meza mahali pa kilio, na siku ya maziko hubebwa mbele ya jeneza. Mtu asiyekuwa na picha huonekana kana kwamba anazikwa bila kuagwa.

Baba alikuwa na picha moja tu nzuri. Ilipigwa mwaka 1968 katika studio mjini, naye amesimama wima katika sare, kofia mkononi. Picha hiyo ilikuwa imebandikwa katika albamu ya kurasa zenye gundi. Dada yangu mkubwa aliivuta kwa vidole, kwa haraka na machozi, na pembe moja ikachanika. Akaipeleka kukuzwa. Picha kubwa tuliipata asubuhi yake, lakini ile ndogo, ambayo ndiyo asili, haikurudi tena. Tuliulizia mara mbili, mara tatu, tukaambiwa imepotea. Kwa kuwa tulikuwa katika matanga, hatukuona kuwa ni hasara. Tulikuwa na ile kubwa.

Mama aliitundika mahali pa heshima kuliko pote sebuleni, yaani mkabala na dirisha, ili mgeni akiingia aione mara moja. Hatukujua kwamba kwa heshima ile tulikuwa tunamfuta baba. Jua la alasiri lilimwangukia usoni kila siku kwa muda wa miaka kumi na saba. Mwaka 2004 mtoto wa dada yangu, aliyekuwa na miaka mitano, alisimama chini ya fremu akauliza, "Bibi, huyu mtu mbona hana uso?"

Mama hakujibu. Jioni ile aliniagiza niteremshe picha niisafishe. Nilipofungua fremu niliona kwamba picha ilikuwa imegandamana na kioo kwa unyevu wa masika mengi. Nami, kwa kutojua, niliibandua kwa nguvu. Kile kidogo kilichokuwa kimesalia cha uso wa baba kilibaki kwenye kioo, na karatasi tupu ikabaki mkononi mwangu.

Sababu za picha kuharibika

Tangu siku ile nilianza kuuliza na kusoma, na yale niliyojifunza nayaeleza hapa ili mwingine asijifunze kwa njia niliyojifunzia mimi.

Picha ina maadui wanne wakubwa: nuru, joto, unyevu na mikono ya watu. Nuru ya jua huvunjavunja rangi, na madhara yake hayarudi nyuma. Picha iliyopauka haiwezi kurudishiwa rangi yake kwa dawa yoyote. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ni dhaifu zaidi, kwa kuwa rangi zake hupauka hata gizani, na ndiyo maana nyingi za wakati ule sasa zimeelekea wekundu au umanjano. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe zimefanywa kwa chembe za fedha, nazo zaweza kudumu miaka mia na zaidi, maadamu mpiga picha alizisafisha vema kwa maji baada ya dawa. Kama hakuzisafisha vema, mabaki ya dawa huzila polepole nazo hugeuka manjano.

Unyevu nao una kazi yake. Uso wa picha ya karatasi umepakwa jelatini, kitu cha jamii ya ile gundi itokanayo na mifupa na ngozi za wanyama. Hewa ikiwa na majimaji mengi, jelatini hulainika na kunata kwenye kioo. Ikikaa hivyo, kuvu huota juu yake kama juu ya mkate. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, joto lake halipungui, na mvua zake huanza karibu na Oktoba hadi Mei. Tukiacha picha ukutani zimegusana na kioo, ni kama tumepanda kuvu kwa mikono yetu.

Walioweka sandukuni hawakukosea

Katika mtaa wa Buyenzi, ambao ni mtaa wa Waislamu wengi na wa Kiswahili tangu zamani, ziko nyumba nyingi ambazo hazitundiki picha za watu ukutani kwa sababu ya mafundisho ya dini. Picha huwekwa sandukuni, ndani ya bahasha, chini ya nguo, nazo hutolewa mara chache. Wako waliodhani kwamba kufanya hivyo ni kutowajali marehemu. La hasha. Kwa upande wa kuhifadhi picha, nyumba hizo zimetushinda sisi tuliotundika. Giza, ubaridi na ukavu ndivyo vitu ambavyo picha huvihitaji.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: picha ya asili ikae gizani, na nakala ndiyo itundikwe. Nakala ikipauka, hufanywa nyingine. Asili ikipauka, habari imekwisha.

Chagua sanduku safi la kadibodi ngumu au la bati lisilo na kutu. Liweke katika chumba cha ndani, juu ya kabati au rafu, mbali na jiko, mbali na ukuta unaotota maji, wala si sakafuni ambako mafuriko na mchwa hufika kwanza. Picha zitenganishwe kwa karatasi nyeupe safi. Msitumie karatasi za magazeti, hata ziwe za gazeti hili mnalolisoma, kwa sababu karatasi ya gazeti ina asidi ambayo hugeuza picha kuwa manjano, na wino wake huambukiza. Msifunge picha kwa mpira wala kuzibana kwa pini na vibanio vya chuma, kwa kuwa mpira huyeyuka na chuma hushika kutu. Wala msizipeleke kufunikwa kwa plastiki ya moto, ile ifanyiwayo vitambulisho. Haiondoleki tena, na joto lake huidhuru picha.

Tena jihadharini na albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu yake. Zilipendwa sana katika miaka ya 1970 na 1980 kwa kuwa ni rahisi kutumia, lakini gundi yake huila picha kwa nyuma. Kama picha zenu zimo humo, msizivute. Chukueni uzi mwembamba wa kusafishia meno, mpitishe polepole kati ya picha na ukurasa, kama akatavyo mtu sabuni kwa uzi. Picha ikikataa, iacheni hapo hapo, mpige nakala yake ikiwa ndani ya ukurasa.

Kwa wale watakaotundika nakala, kioo kisiguse picha. Fundi wa fremu aombwe kuweka kati yake kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, ili hewa ipite. Ukuta uwe wa ndani, usiopigwa na jua.

Picha isiyo na jina

Mambo hayo yote ni ya mikono. Liko jambo jingine lililo kubwa kuliko hayo, nalo nililifahamu Gitega.

Baada ya ile hasara ya mwaka 2004, mama alikumbuka kwamba baba alikuwa na mwenzake wa kikosi, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Mdogo ingawa hatukuwa wa damu moja. Alikuwa amestaafu, akikaa Gitega. Nilisafiri kwenda kumsalimu na kumweleza yaliyotupata. Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kopo la bati lililokuwa la biskuti. Ndani yake mlikuwamo bahasha, na katika bahasha mlikuwamo baba yangu: picha ile ile ya mwaka 1968, ndogo kama kiganja, safi kama iliyotoka studio jana. Baba alikuwa amempa mwenzake nakala kama walivyofanya vijana wa wakati ule. Nyuma yake, kwa penseli, kwa mwandiko ambao niliutambua kabla sijausoma, alikuwa ameandika jina lake, mahali, tarehe, na neno moja la kumtakia ndugu yake heri.

Nilimshukuru Mzee kwa machozi. Akasema, "Mwanangu, sikuificha kwa uchoyo. Nilijua iko siku mtakuja kuitafuta."

Halafu akanionyesha picha nyingine katika kopo lile. Walikuwamo vijana kumi katika sare, wamepanga mstari mbele ya gari. Baba alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Nikamwuliza Mzee wale wengine ni akina nani. Alinitajia saba, mmoja mmoja, na kijiji cha kila mmoja. Wawili alikuwa amewasahau. Niliandika majina yale saba siku ile ile. Mzee alifariki mwaka 2006. Wale wawili hakuna tena ninayemjua awezaye kuwataja, ijapokuwa nyuso zao zaonekana wazi, hata vifungo vya sare zao vyahesabika. Bila shaka ziko nyumba mbili mahali fulani zinazotamani picha ile, nami ninayo, na sina njia ya kuwapelekea.

Ndipo nilipofahamu kwamba picha hufa mara mbili. Hufa kwa jua na kuvu, na hufa pia siku anapozikwa mtu wa mwisho aliyejua ni nani aliye ndani yake. Kifo cha kwanza chaweza kuzuiwa kwa sanduku. Cha pili huzuiwa kwa penseli, na penseli lazima itangulie mauti ya shahidi.

Basi, ndugu msomaji, twaa picha zako, ukae na mzee aliye hai. Laza picha kifudifudi juu ya kioo au meza ngumu iliyo safi, uandike nyuma yake, karibu na ukingo, kwa penseli laini na kwa mkono mwepesi. Usitumie kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya na mkandamizo wake huonekana mbele. Karatasi za sasa ambazo nyuma zina ulaini wa plastiki hazishiki penseli. Kwa hizo, andika juu ya bahasha kwanza, kisha utie picha ndani. Andika majina yote matatu kama yapo, uhusiano, mahali na mwaka. Kama mwaka haujulikani, andika "kabla ya arusi ya fulani" au "mwaka alipozaliwa fulani". Kwa picha ya watu wengi, hesabu kutoka kushoto kwenda kulia.

Wala usiishie kwenye jina. Huko Gisozi, mjini Kigali, nchi jirani ya Rwanda, liko jengo la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambalo lilifunguliwa mwaka 2004. Katika chumba kimoja zimetundikwa picha ambazo jamaa walionusurika walizitoa: picha za arusi, za shule, za siku za kawaida tu. Katika sehemu ya watoto picha zimekuzwa, na chini ya kila mtoto yameandikwa maneno machache: jina lake, umri wake, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, rafiki yake mkubwa. Watu wengi hushindwa kujizuia machozi hapo, kwa sababu maneno yale madogo humrudisha mtoto kuwa mtoto wa nyumba fulani. Nasi tuandike vivyo hivyo. Nyuma ya picha ya baba, chini ya mwandiko wake, sikuthubutu kuandika. Lakini katika bahasha nimetia karatasi: alipenda samaki wa mukeke wa kuchoma, hakupenda kuchelewa, aliimba vibaya, naye alijua hivyo.

Mafuriko yanapoingia

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari mwaka 2014, mvua kubwa ilipiga mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Watu wengi walipoteza maisha, na mamia ya nyumba zikabomoka. Mwaka 2020, Mto Rusizi ulifurika Gatumba na maelfu wakahama. Katika misiba kama hiyo roho za watu ndizo za kwanza, wala mtu asirudi ndani ya maji kwa ajili ya picha. Lakini maji yakipungua, msitupe picha zilizolowa mkidhani zimekwisha.

Picha za karatasi zilizolowa zaweza kuokolewa kama kazi itafanyika ndani ya siku mbili, kabla kuvu haijaota. Msizibandue zikiwa zimeshikamana. Zitieni katika beseni la maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe. Zisuuzeni tope taratibu bila kusugua uso wake, kisha zilazeni chali kivulini, juu ya kitambaa safi, penye upepo. Msizianike juani wala msizipige pasi. Picha iliyoganda kwenye kioo isibanduliwe. Ipigwe nakala ikiwa na kioo chake. Laiti ningalijua haya mwaka 2004. Huko Japani, baada ya tetemeko na gharika ya bahari ya tarehe 11 Machi 2011, watu waliojitolea waliokota picha matopeni kwa mamia ya maelfu, wakazisuuza moja moja na kuzipanga ukumbini ili wenyewe waje kuzitambua. Wako waliopoteza nyumba na jamaa, wakaondoka pale na picha moja mkononi, nao wakashukuru.

Picha zilizo katika simu

Vijana watasema kwamba siku hizi picha zimo katika simu, wala hazipauki. Ni kweli hazipauki. Ila simu huibwa, huanguka majini, huharibika, na zaidi ya yote hufungwa kwa namba ya siri. Askari wa kwanza wa Burundi walikwenda Somalia Desemba 2007 katika jeshi la Umoja wa Afrika, na kwa muda wa miaka kumi na saba wengi walipishana huko. Wako ambao hawakurudi. Picha zao za mwisho zilikuwa katika simu zao. Jamaa anaporudishiwa simu asiyoweza kuifungua, amerudishiwa albamu iliyofungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo yumo kaburini.

Kwa hiyo kila askari na kila polisi, kabla ya kwenda kazini mbali na nyumbani, aandike namba ya siri ya simu yake katika bahasha iliyofungwa, ampe mkewe, mumewe au mzazi wake. Achague picha kumi zilizo bora, azichapishe karatasini. Nyingine azihifadhi mahali patatu: katika simu, katika flashi au diski, na nakala moja katika nyumba nyingine, kwa ndugu au kwa wazazi. Moto mmoja hauunguzi nyumba mbili zilizo mbali. Na ajihadhari asisambaze picha zenye kuonyesha kambi, silaha au njia za doria. Hizo si za albamu ya nyumbani.

Kupiga nakala ya picha ya zamani kwa simu ni rahisi. Ilaze picha juu ya meza karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja. Zima mwako wa simu. Shika simu sambamba na picha ili pande zisipinde. Piga mara mbili, mbele na nyuma, ili maandishi nayo yahifadhiwe. Palipo na skana, ichukuliwe kwa nukta 600 kwa inchi. Tena mjue ya kuwa picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora; itumeni kama waraka, siyo kama picha, ndipo itafika nzima.

Msisahau wapiga picha wa zamani. Wengi wao walitunza negativu, yaani zile filamu ambazo weusi wake ni weupe na weupe wake ni weusi. Unguja, katika Mji Mkongwe, studio ya Capital Art ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Picha za zamani zilizotunzwa humo zimekuwa hazina ya Wazanzibari wengi. Huenda mtoto wa mpiga picha wa mtaani kwenu naye ana sanduku chini ya kitanda. Mwulizeni kabla hajalitupa.

Kabla ya haja kuja

Jambo la mwisho ni la siku ya msiba yenyewe. Makosa mengi hutendeka usiku ule, kwa haraka. Mtu hutoa picha ya pekee, mwingine hukata ile ya karangamuntu, nayo hupita mikono kumi. Jamaa wakubaliane mapema: picha ya asili haitoki nyumbani. Itakayokwenda studio ni nakala, au kijana mmoja aende nayo asimame hapo mpaka imalizike, kisha airudishe sandukuni. Na tunapokusanyika siku ya kuganduka, siku ambayo msiba humalizwa rasmi na mambo ya marehemu hutengenezwa, pamoja na hesabu za madeni na urithi, ingefaa jambo moja liongezwe: kila aliyefika aje na picha ya marehemu aliyo nayo, ipigwe nakala pale pale, na wazee watoe majina. Siku hiyo mashahidi wote wako uani. Haitatokea tena wakutane wote.

Majira ya kazi hii ni kiangazi, kati ya Juni na Agosti, hewa ikiwa kavu. Lakini kuuliza majina hakuna majira. Siku hizi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nafungua sanduku mbele ya mama, ambaye sasa amekaribia miaka themanini. Macho yake ni dhaifu, kwa hiyo mjukuu, yule yule aliyeuliza habari ya mtu asiye na uso, humkuzia picha katika simu, na mama hutaja: huyu ni shangazi yenu, huyu alikuwa jirani wa Karitiye ya pili, huyu simkumbuki leo, mniulize wiki ijayo. Nasi tunaandika.

Jumapili iliyopita aliichukua picha yake mwenyewe ya mwaka 1979, amevaa mavazi ya sherehe, anacheka. Akaigeuza, akaniomba penseli, akaandika jina lake kwa mkono unaotetemeka. Kisha akasema, "Hii ndiyo mtakayoitumia siku yangu. Ile nyingine nimekunja uso." Tukacheka sote. Nimekwisha ipiga nakala mara tatu; moja iko Gitega, kwa watoto wa Baba Mdogo, ndani ya kopo lile lile la bati.